Mtoto Anasomea Seli na Maiti: Tumchangie?



Swali hili limerudi mara nyingi mikutanoni: "Tunamfanyia mtoto harambee aende Yunivasiti, kumbe anaenda kupasua maiti na kuchungulia darubini! Hiyo ni kazi gani?" Mama mmoja alitaka hata kumrudisha binti yake nyumbani. Tumeona tulieleze jambo hili.

SELI NI NINI?
Nyumba hujengwa kwa matofali. Mwili nao umejengwa kwa seli, ila matofali haya yana uhai: yanakula, yanafanya kazi, yanazeeka na kufa. Seli nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Kijidudu cha malaria huingia ndani yake, kikazaliana na kuipasua. Ndiyo maana mgonjwa wa malaria huishiwa na damu.

Watoto wengine huzaliwa na seli zinazojikunja kama mundu. Huo ndio ugonjwa wa selimundu, unaojulikana sana Nyanza, Magharibi na Pwani. Mtoto huurithi kwa baba na mama wote wawili. Si uchawi, na si kosa la mama peke yake. Haya yalijulikana kwa sababu watu walikaa wakasoma seli.

NA MAITI?
Fundi hawezi kutengeneza baiskeli ambayo hajawahi kuifungua. Mtu mzima ana mifupa 206, na mishipa mingi hupita katikati yake. Daktari akikosea mshipa, mgonjwa anaweza kufa. Kwa hiyo wanafunzi, kama wale wa Chuo Kikuu cha Nairobi kule Chiromo, hujifunza kwanza kwa miili ya waliokufa. Kazi hiyo inasimamiwa na sheria, Sura ya 249 ya Sheria za Kenya. Si wizi wa maiti.

KABLA YA KUCHANGA
1. Ulizeni jina kamili la digrii. Anayesomea sayansi ya seli hatatoka akiwa daktari. Anaweza kufanya utafiti au kufundisha. Udaktari ni digrii nyingine.
2. Akitaka kazi ya maabara ya hospitali, aulize mapema kama kozi hiyo itamwezesha kusajiliwa.
3. Aombe mkopo wa HELB, bodi iliyoanzishwa mwaka 1995. Lakini akumbuke: ni deni, italipwa.
4. Msimpe pesa zote siku ya harambee. Wekeni akiba ya chakula, kodi ya chumba, vitabu na koti jeupe la maabara.

Yule mama alipoelezwa hivi alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Basi yule mtoto wa dada yangu anayelia mifupa kila mara, tumpeleke apimwe damu?" Tukamjibu: ndiyo mama, mpelekeni kesho. Binti yake bado anasoma.

MASWALI YA KUJADILIANA
- Kuna mtoto hapa kwetu anayesumbuliwa na maumivu ya mifupa, na watu wanasema amerogwa?
- Kikundi chetu kinajua watoto tunaowachangia wanasomea nini?