Chujio lipi lafaa majani yetu ya chai?

Kuanzia Mambrui hadi Adu, nyumba isiyopika chai ni ya kutafutwa kwa tochi. Asubuhi ni chai na mahamri, au mihogo ikiwa mkono umekauka. Jioni ni mkandaa wenye tangawizi, na mgeni akibisha hodi, kabla hajaketi sufuria ishatiwa motoni. Lakini waulize wenye nyumba chujio lao walilinunua lini, watakucheka. Chujio hununuliwa siku moja, likatundikwa ukutani, na halikumbukwi tena mpaka waya zianze kuchomoka.

Sasa limekuja jambo jipya. Maduka ya Malindi na wauzaji wa kwenye simu wanatembeza vifaa vya kigeni vya kutilia majani ya chai: vidude vya mviringo vyenye mnyororo, vijiko vyenye kifuniko cha matundu, vikapu vidogo vya kuning'iniza ndani ya kikombe, hata vitu vya mpira vyenye umbo la samaki. Vinang'aa na vinavutia. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi kabla ndugu msomaji hujatoa pesa yako, tuangalie kipi kinafaa chai tunayokunywa sisi, na kipi kilitengenezewa chai ya watu wengine.

Kwanza, yajue majani yako

Jani la chai husindikwa kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ile ya zamani, ambapo jani hunyaushwa, likaviringwa na kukaushwa likiwa zima au vipande vikubwa. Likitiwa maji ya moto hufunguka polepole na kuvimba. Ya pili ni ya mtambo wenye magurudumu ya meno, unaoponda, kurarua na kuviringisha jani mpaka likawa punje ndogo ngumu. Wafanyabiashara huiita CTC. Mtambo huo ulibuniwa na William McKercher huko Assam, India, mwaka 1930.

Sehemu kubwa ya chai ya Kenya ni hiyo ya punje. Ndiyo iliyomo katika vipakiti vya dukani, na ndiyo inayouzwa kwa wingi katika mnada wa chai wa Mombasa, ambao ulianzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani mwaka 1969. Ukisikia watu wa mnada wakitaja BP1, PF1, PD au D1, wanazungumzia ukubwa wa punje. BP1 ndiyo kubwa, na D1 ni vumbi kabisa.

Hapa ndipo penye siri yote. Punje zetu ni ndogo, hutoa rangi upesi na hupita mahali jani zima lisipoweza kupita. Kifaa kilichotengenezewa majani makubwa ya China au Darjeeling, chenye matundu ya kutobolewa, kitamwaga vumbi la chai ya Kenya kikombeni kana kwamba hakina kazi. Mnunuzi ataona kaibiwa, kumbe kifaa na majani havikuwa wa nyumba moja.

Pili, unapika au unaloweka?

Vifaa vile vya kuning'iniza viliundwa kwa ajili ya kuloweka: maji yaliyochemka humiminwa kikombeni, majani yakakaa humo dakika tatu hadi tano, kisha yakatolewa. Sisi mara nyingi tunapika. Maji, majani, sukari, tangawizi na iliki huchemka pamoja sufuriani, na maziwa yakiwepo nayo hutiwa humo humo. Chai ya kupikwa haihitaji kikapu wala kidude cha mnyororo. Inahitaji chujio zuri la mpini wakati wa kumimina, basi.

Kwa hivyo jiulize: chai ya nyumba yako hupikwa ya watu sita kwa pamoja, au kila mtu hujitengenezea kikombe chake? Anayepika ya watu sita na kununua kidude cha kikombe kimoja amenunua pambo.

Vifaa vyenyewe

Kidude cha mviringo chenye mnyororo kina kasoro mbili kwetu. Matundu yake aghalabu ni makubwa, na nafasi ya ndani ni ndogo. Majani yakilowa huvimba, na yakibanana maji hayapiti katikati, ukapata chai hafifu ilhali umetia majani mengi. Ukiwa nacho tayari, usikijaze kupita nusu, na ukitumie kwa mchaichai, vipande vya mdalasini au karafuu. Kwa viungo kinafaa sana.

Kijiko chenye kifuniko kina shida iyo hiyo, na zaidi ya hapo bawaba yake hulegea mapema.

Kikapu cha kuingia kikombeni, kikiwa cha wavu mwembamba, ndicho bora miongoni mwa vifaa vya kuloweka. Majani yana nafasi ya kuvimba, maji yanazunguka, na kukiosha ni rahisi. Mtu anayeishi peke yake, au mzee anayetaka kikombe kimoja cha mkandaa usiku, kitamfaa.

Chujio la waya lenye mpini, ambalo wengine huliita kichungi, ndilo la jikoni petu. Chagua lenye wavu mwembamba, hata wa tabaka mbili, na lenye masikio ya kukalia juu ya kikombe au birika ili mkono wa pili ubaki huru. Chai ya moto imeunguza watoto wengi kwa sababu ya mtu kushika chujio huku, sufuria huku.

Kitambaa cheupe cha pamba huchuja vumbi kuliko waya wowote, na wenye vibanda vya chai wanalijua hilo. Sharti lake ni usafi: kichemshwe kila siku na kukaushwa juani. Kitambaa kilichoachwa kibichi usiku kucha hushika uvundo na ukungu.

Chujio la plastiki ni la bei ya chini, lakini maji yanayotokota hulilegeza, na wavu wake hujikunja. Kuhusu plastiki na chai, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walichapisha mwaka 2019 matokeo ya kuloweka vifuko vya chai vya plastiki katika maji ya nyuzi 95. Walihesabu chembe ndogondogo takriban bilioni 11.6 kutoka kwa kifuko kimoja. Wataalamu wengine waliibishia hesabu hiyo, na madhara yake mwilini bado yanachunguzwa. Tena wao walipima vifuko, si machujio. Hata hivyo, ikiwa waya unapatikana kwa nyongeza ndogo ya bei, sioni sababu ya kumiminia chai ya moto juu ya plastiki kila siku ya Mungu.

Namna ya kukagua dukani

Uliza kama ni chuma kisichoshika kutu, kile wauzaji wanachokiita stenlesi. Pwani jambo hili lina uzito kuliko bara. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi ndiyo adui wa chuma. Ukiona alama ya 18/8 au 304, hiyo ni stenlesi yenye kromiamu kiasi cha asilimia 18 na nikeli asilimia 8, nayo huhimili vizuri. Wapo wanaopima kwa sumaku. Si kipimo cha kutegemewa peke yake, kwa kuwa ziko stenlesi nzuri zinazovutwa na sumaku.

Kisha liinue chujio kwenye mwanga. Matundu yawe sawa kila upande, pasiwe na uzi uliokaa kando. Pitisha kidole ukingoni: wavu uwe umebanwa ndani ya ukingo, si kugandishwa kwa gundi. Bonyeza katikati polepole, na ukirudi nyuma kama karatasi, liache. Chujio ambalo waya zake zimeanza kukatika halina budi kutupwa, kwani kipande cha waya kikiingia kikombeni hakionekani, na koo la mtoto halijui kukitema.

Maji yetu na utunzaji

Visima vingi vya Magarini hutoa maji ya chumvichumvi au mazito yenye chokaa. Maji ya namna hiyo hufanya chai ififie rangi na kuweka utando juu ya kikombe, na watu wakalaumu majani. Chokaa hiyo hiyo huganda kwenye wavu na kuziba matundu. Dawa yake ni ndimu au siki: loweka chujio katika maji ya moto yenye siki kwa nusu saa, sugua kwa mswaki mkuukuu, suuza. Ukiwa na maji ya mvua uliyoyakinga, yapikie chai, utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Kila baada ya chai, kung'uta majani, osha na utundike chujio likauke. Haba na haba hujaza kibaba: dakika moja ya kukausha huongeza umri wa chujio.

Usiyaache majani yalale

Faida kubwa ya kuchuja ni kuyatenga majani na chai kwa wakati wake. Tunayo desturi ya kupika birika asubuhi, majani yakabaki humo mpaka adhuhuri, na chai ikawa chungu ya kukaza ulimi. Uchungu huo ni wa tanini. Tanini huyazuia madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga, maharagwe na mbaazi yasifyonzwe vizuri mwilini. Kwa mwenye kula nyama kila siku si neno kubwa. Lakini katika nyumba nyingi za huku chuma cha damu hutoka kwenye mchicha na mbaazi, na mama mjamzito au mtoto ndiye anayekihitaji zaidi. Wataalamu wa lishe hushauri chai inywewe walau saa moja mbali na chakula. Mbaazi zetu tusiziache, ila mama mwenye upungufu wa damu aziteremshe kwa maji au juisi ya ndimu, chai ije baadaye.

Kwa ufupi, anayepika chai ya nyumba nzima anunue chujio moja la stenlesi lenye wavu mwembamba na masikio. Anayekunywa peke yake anunue kikapu cha wavu. Kidude cha mnyororo awekee karafuu. Na yeyote kati yao, chai ikishaiva, aichuje yote saa hiyo hiyo na kuyatupa majani shambani.