Kabla hujampeleka bweni, msikilize kwanza

Boko. Saa 11 alfajiri, kabla Barabara ya Bagamoyo haijajaa malori ya saruji, magari ya njano ya shule huanza kupita. Mengi yana majina ya watakatifu ubavuni. Ndani yake watoto wamelala, vichwa vimeegemea vioo.

Jirani yangu mmoja amekuwa akiyatazama magari hayo kwa macho ya mzazi anayetafuta jibu. Mkewe alifariki dunia mwaka jana. Amebaki na mtoto wa kiume wa miaka 10, anayejiandaa kuingia darasa la tano. Baba huondoka nyumbani alfajiri kwenda kwenye biashara yake Kariakoo, na akirudi ni saa 3 usiku. Mtoto anashinda na dada wa kazi. Tangu msiba ule haongei sana. Kila wiki analalamika tumbo, na mara mbili amepelekwa zahanati bila kuonekana ugonjwa.

Kwa kuwa anajua ninaandika habari za afya, jirani alikuja jioni moja na swali. Je, akimpeleka mwanawe shule ya bweni ya kanisa, si watamlea vizuri kuliko yeye asiyekuwepo nyumbani?

Sikuwa na jibu la haraka. Lakini swali lake lilinikumbusha chuo kimoja kidogo cha Kikristo ambacho wengi wetu tunakifahamu kwa jina la shule kilichozaa, Minaki, kule Kisarawe. Kabla ya kufika Minaki chuo hicho kilikuwa Kiungani, Zanzibar, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto wasio na baba wala mama wa kurudi kwao.

Watoto watano

Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, kwa Kiswahili Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, hawakupanga kuanzia Zanzibar. Walianzia bara, katika bonde la Mto Shire, nchi ambayo leo ni Malawi. Homa iliwamaliza. Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki dunia huko Januari 1862. Wakati huo hakuna aliyejua kuwa malaria inaletwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa miaka 35 baadaye, mwaka 1897.

Askofu aliyemfuata, William Tozer, aliamua kuhamia Zanzibar. Alifika mwaka 1864 akiwa na Edward Steere, ambaye baadaye naye alikuwa askofu na ambaye jina lake linajulikana na kila anayesoma historia ya Kiswahili sanifu. Hawakukaa muda mrefu kabla Sultani Majid hajawakabidhi wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa.

Hebu fikiria nyumba hiyo usiku wa kwanza. Wanaume wawili wageni wasio na watoto, ambao Kiswahili chao ndiyo kwanza kinaanza, na mbele yao wavulana watano waliotolewa bara kwa miguu, wakauzwa, wakapakiwa jahazini. Hapo ndipo chuo kilipoanzia.

Idadi ilipoongezeka, misheni ilinunua shamba Kiungani, kusini mwa Mji Mkongwe, njia ya kwenda Mbweni, na wavulana wakahamishiwa huko. Shule ikaja kuitwa Chuo cha Mtakatifu Andrea. Wasichana waliwekwa Mbweni, ambako Caroline Thackeray aliongoza shule yao kwa zaidi ya miaka 20 kuanzia mwaka 1877.

Maisha hayakuwa mepesi. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kilipiga Zanzibar na kuua watu wengi. Daktari James Christie aliyekuwapo mjini aliandika kitabu kizima juu ya milipuko ya ugonjwa huo Afrika Mashariki. Na majahazi hayakukoma. Ingawa mkataba wa Juni 1873 ulifunga soko la watumwa la Zanzibar, biashara ya magendo iliendelea kwa miaka mingi, na manowari za Waingereza zilipokamata majahazi, sehemu ya watoto waliookolewa ililetwa Kiungani na Mbweni.

Kila mtoto na habari yake

Kiungani walifundisha kusoma, kuandika, hesabu, dini na kazi za mikono. Steere alikuwa na mtambo wa kuchapa, na wavulana walijifunza kupanga herufi za risasi na kuchapa kurasa za Kiswahili. Lakini jambo lililonigusa mimi kama mwandishi wa afya ni jingine.

Mwaka 1887 mwalimu wa misheni hiyo, A. C. Madan, ambaye baadaye alitunga kamusi za Kiswahili na Kiingereza, alichapisha kitabu kilichoitwa "Kiungani". Ndani yake kulikuwa na habari za wavulana wa chuo hicho, wakieleza wenyewe walikozaliwa, namna walivyokamatwa na walivyopita mikono ya watu hadi kufika pwani. Walieleza kwa Kiswahili, yeye akatafsiri kwa Kiingereza.

Tunaweza kukikosoa kitabu hicho. Kililenga wasomaji wa Uingereza, na misheni ilihitaji michango yao. Watoto hawakuwa na sauti ya kuamua habari zao zisomwe na nani. Hata hivyo, kwa kitabu hicho kuwepo ilibidi mtu mzima akae chini na mtoto mmoja mmoja, amuulize ametoka wapi, kisha anyamaze amsikilize mpaka mwisho.

Leo wataalamu wa afya ya akili ya watoto wanatuambia jambo lile lile kwa lugha ya kliniki. Mtoto aliyefiwa au aliyetenganishwa na wazazi hasemi huzuni yake kama mtu mzima. Huisema kwa mwili. Tumbo linauma, kichwa kinauma, anaanza kukojoa kitandani ilhali alikwisha acha, anashtuka usiku, anajitenga, anakuwa mkali, au alama zake shuleni zinaporomoka. Dawa ya kwanza si sindano. Ni mtu mzima mmoja anayeaminika, asiyebadilika kila wiki, ratiba inayoeleweka ya kula na kulala, na ruhusa ya kumtaja aliyeondoka.

Msibani watu wazima huwa tunawaambia watoto wanyamaze, mama amesafiri. Tunadhani tunawakinga.

Majina mawili

Majina ya wanafunzi wa Kiungani yanasimulia mengi. Walipobatizwa walipewa majina ya Kizungu, lakini wengi walibaki na la pili. John Swedi, mmoja wa wale watano wa mwanzo, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyekamatwa akiwa mtoto, alifanywa kasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kufikia daraja hilo katika misheni hiyo, akafanya kazi Chitangali, upande wa kusini. Ukiwa Mswahili huhitaji kuambiwa maana ya Majaliwa. Ni jina la mtu anayekubali kwamba hapa alipofika hakufika kwa nguvu zake.

Kadiri miaka ilivyokwenda, watoto wa majahazini walipungua na vijana kutoka bara wakaongezeka. Walitoka Bonde, Masasi na pande za Ziwa Nyasa, wakaja kusomea ualimu na utumishi wa kanisa, kisha wakarudi makwao kufungua shule. Hugh Kayamba, mtu wa Bonde, alikuwa mmoja wa walimu waliopitia huko. Mwanawe, Martin Kayamba, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1891, naye alisoma Kiungani. Mwaka 1922 alianzisha mjini Tanga chama cha Waafrika waliokuwa watumishi wa serikali ya Tanganyika, na mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuunganisha makoloni ya Afrika Mashariki.

Si yote ya kusifia. Mamlaka ya juu yalibaki kwa Wazungu kwa miongo mingi. Wasichana wa Mbweni mara nyingi waliandaliwa kuwa wake wa walimu na makasisi wa Kiungani, na sidhani kila mmoja wao aliulizwa anataka nini. Shule iliyowapa watoto familia iliwaamulia pia familia hiyo iweje.

Zahanati na darasa pamoja

Mwaka 1925 chuo kilihamishwa kutoka Kiungani hadi Minaki, katika vilima vya Kisarawe, nje kidogo ya Dar es Salaam. Wanafunzi wengi walikuwa wa bara, kwa hiyo shule iliwafuata walipo.

Minaki kulikuwa na kitu ambacho shule nyingi za leo zingekionea wivu: hospitali. Mkuu wa chuo alikuwa Kanoni Gibbons, na mkewe, Dk Mary Gibbons, ndiye aliyeendesha hospitali hiyo. Mbali na kutibu wanafunzi na wanavijiji, alifundisha vijana wa Kiafrika kazi ya uganga msaidizi, nao wakaenda kuhudumia hospitali na zahanati za misheni. Katika nchi iliyokuwa na madaktari wa kuhesabika, vijana hao ndio walioosha vidonda, waliotoa dawa na waliokesha na wagonjwa vijijini.

Katika vilima hivyo hivyo kulikuwa na shule nyingine ya Kikristo, Mtakatifu Francis ya Wakatoliki kule Pugu, ambako Mwalimu Julius Nyerere alifundisha hadi alipoacha kazi mwaka 1955 ili aingie katika siasa moja kwa moja. Baada ya Uhuru, shule za namna hiyo zilitaifishwa, na Minaki ikawa shule ya sekondari ya Serikali kama ilivyo hadi leo. Jina la Mtakatifu Andrea liliondoka mlangoni.

Nilichomwambia jirani

Nilimweleza jirani yangu habari hizi tukiwa tumekaa barazani, na mwanawe akiwa ndani anaandika kazi za shule. Nikamwambia pia tofauti moja kubwa. Watoto wa Kiungani hawakuwa na nyumba ya kurudi. Mwanawe anayo, na anaye baba.

Mwaka 2023 Serikali, kupitia waraka wa Kamishna wa Elimu, ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, kwa sababu umri huo unahitaji malezi ya karibu ya wazazi. Mtoto wa darasa la tano anaruhusiwa. Lakini kuruhusiwa si sawa na kuwa tayari, hasa kwa mtoto ambaye bado ana msiba moyoni. Kwake yeye bweni linaweza kuonekana kama kumpoteza mzazi wa pili.

Kama mzazi bado anaona hana njia nyingine, jina la mtakatifu getini lisimtoshe. Aombe kuonyeshwa mahali watoto wanapolala. Aulize usiku mtoto akiugua au akilia anamwamsha nani, na huyo mlezi anaangalia watoto wangapi. Aulize kama kuna muuguzi, na kituo cha afya kilicho karibu ni kipi. Kama mtoto ana pumu, selimundu au kifafa, mpango wa dawa zake uandikwe na walezi wote waujue. Aulize pia mtoto anaruhusiwa kupiga simu nyumbani lini, na kama anaweza kuongea bila mtu kusimama pembeni yake. Shule inayokasirishwa na maswali haya imekwisha kumjibu.

Na nyumbani, dalili za huzuni zikizidi wiki kadhaa, ampeleke mtoto hospitali akaonane na mtaalamu wa saikolojia, au aanzie kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata. Ipo pia namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, inayopigwa bure.

Jirani alinisikiliza kisha akaaga bila kuniambia ameamua nini. Wiki mbili baadaye nilimkuta mtaani jioni, jua halijazama, jambo ambalo si la kawaida kwake. Alisema amepanga na mwenzake wa dukani wapokezane kufunga, ili siku tatu kwa wiki awahi kurudi. Suala la bweni ameliahirisha hadi kidato cha kwanza.

Akaniambia na jambo jingine. Jumapili iliyopita alitoa picha za mkewe alizokuwa amezificha juu ya kabati tangu msiba, akamwita mwanawe, akamuuliza anakumbuka nini. Mtoto aliongea mpaka chakula kikapoa.

Tumbo bado linauma, alisema, lakini si kila wiki.