Dari Iliyonepa na Boriti Zilizooza

Hapa Madale nyumba zetu nyingi ni za chini, na sakafu zake ni zege iliyolazwa juu ya kifusi. Sakafu ya namna hiyo ikititia, dawa yake ni fupi: huvunjwa pale palipotitia, kifusi kikashindiliwa vema, zege ikamwagwa upya. Lakini wako wasomaji wenye nyumba za urithi Bagamoyo na Unguja, nyumba za mawe zenye ghorofa, na hao ndio tuwaandikiao leo. Maana huko dari ikianguka huwaangukia watu. Siku ya Krismasi mwaka 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilianguka huko Unguja hali mafundi wakilitengeneza, na watu 2 wakafa.

Dari za nyumba hizo huchukuliwa na boriti, yaani miti ya mikoko. Kwa kuwa boriti si ndefu, vyumba vya kale ni vyembamba, upana wake kama meta 3 tu. Juu yake hupangwa mawe, kisha hushindiliwa chokaa na kokoto. Mzigo huo ni mzito, walakini boriti kavu huuchukua miaka mingi sana. Adui yake ni maji. Bati likivuja, au bomba la choo, maji hushuka ukutani hata kufikia kichwa cha boriti kilichofichwa ndani ya mawe. Hapo ndipo uozo huanzia, na mchwa hupenda unyevu. Katikati ya chumba mti waonekana mzima kabisa! Basi mwenye nyumba na achome kwa bisibisi pale mti uingiapo ukutani. Ikizama kama katika muhogo uliopikwa, ajue.

Wengine wakiona dari imenepa huongeza saruji juu ili ipate kuwa sawa. Hili ni jambo la hatari. Chumba cha meta 3 kwa 4, kikiongezwa saruji ya unene wa sentimeta 5, kimetwishwa zaidi ya kilo 1,300.

Kwanza zibeni mvujo. Kisha watu watoke, na chini ya dari pasimamishwe miega juu ya ubao mpana. Na kama pana ghorofa nyingine chini, miega ishuke hata ardhini, ama sivyo mzigo umehamishwa tu. Kabari zigongwe kidogo kidogo kwa siku kadha wa kadha, kwa maana dari iliyonepa miaka 20 ikiinuliwa kwa saa moja hupasua kuta. Boriti mpya, iliyokauka, hulazwa ubavuni mwa ile mbovu, vichwa vyake vikae ndani ya mawe mazima. Ukuta uzibwe kwa chokaa, wala si kwa saruji, kwani saruji hufungia unyevu ndani. Miega isiondolewe mpaka chokaa imekuwa ngumu.

Kwa nyumba iliyo Mji Mkongwe wa Unguja, kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe chatakiwa kabla ya kugusa jiwe lo lote.