Lisbon Hadi Helsinki: Hesabu ya Safari

Tuseme mtu amekuonyesha tiketi ya ndege. Imeandikwa kuondoka Lisbon 10:00, kufika Helsinki 16:30. Utahesabu na kusema hiyo ni safari ya saa sita na nusu. La hasha! Ndege hiyo itasafiri saa nne na nusu tu. Hebu tufafanue, maana jambo hili lina pesa ndani yake.

Umbali
Lisbon, mji mkuu wa Ureno, uko pembe ya kusini-magharibi ya Ulaya. Helsinki, mji mkuu wa Finland, uko kule kaskazini-mashariki. Kati yake ni karibu kilomita 3,400 angani. Kwa barabara ni zaidi ya 4,000, tena kwa kawaida utavuka bahari kwa feri.

Usipime umbali huu kwa rula juu ya ramani, kwa kuwa dunia ni ya mviringo. Chukua mpira, utie alama mbili, kisha ukaze uzi kati yake. Huo uzi ndio njia fupi.

Saa
Ndege ya jeti ikishafika juu hukata kama kilomita 850 kwa saa. Basi kilomita 3,400 ni saa nne, na kupaa na kutua huongeza kama nusu saa.

Zile saa mbili je? Sisi Kenya tuna saa moja nchi nzima, kwa hivyo ni rahisi kusahau kwamba tiketi huandika saa za kila mji. Helsinki iko mbele ya Lisbon kwa saa mbili, mwaka mzima. Wakati wa kurudi mambo hugeuka: ukiondoka Helsinki 10:00 utafika Lisbon kama 13:00. Ni kama saa tatu tu, na kumbe umekaa hewani karibu tano, kwa sababu upepo wa juu huvuma kutoka magharibi na kuipinga ndege.

Pesa
Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 iliweka fidia kwa kilomita. Ndege ikichelewa kufika kwa saa tatu au zaidi kwa kosa la kampuni, si kwa hali mbaya ya hewa, abiria wa safari isiyozidi kilomita 1,500 hudai euro 250. Ikizidi hapo, ndani ya Umoja, ni euro 400.

Na ukibadilisha ndege njiani? Mwaka 2017 mahakama ya Umoja iliamua kesi ya abiria waliotoka Rome kwenda Hamburg kupitia Brussels. Njia waliyopita ilikuwa kilomita 1,656, lakini uzi wa moja kwa moja ni 1,326. Mahakama ikasema uzi ndio unaohesabiwa. Basi wakabaki na daraja ya euro 250.

Kwa hivyo kabla ya kulipa, kumbuka haya:
1. Toa tofauti ya saa za miji kwanza.
2. Safari yote iwe kwenye tiketi moja. Ukinunua mbili mbalimbali, ya kwanza ikichelewa, hasara ya pili ni yako.
3. Tunza karatasi zako mpaka ufike nyumbani.

Mwenye hesabu yake mkononi hadanganyiki.