Samaki mwenye kuweka mayai yake pembeni ya moto

Leo tuache kidogo politike na mambo ya kutafuta kazi, tushuke chini ya bahari. Munivumilie mpaka mwisho, juu hii habari inatugusa sisi pia, zaidi wenye wako Lubumbashi na Kolwezi.

Kuko samaki mwenye kuitwa taa. Si taa ya kuangaza nyumba, hapana. Wenye walisoma biolojia kwa Kifaransa wanamujua kwa jina la raie. Mwili wake ni bapa sawa sahani, mapezi yamepanuka kama mabawa, na nyuma iko na mukia murefu. Hana mifupa ya kweli, ni gegedu tu, sawa ile yenye iko ndani ya sikio letu. Papa ni wa jamaa yake.

Taa wako aina nyingi. Ule wa leo jina lake la sayansi ni Bathyraja spinosissima. Ile neno ya pili ni Kilatini, maana yake mwenye miiba mingi sana. Beebe na Tee-Van ndio walimuandika mara ya kwanza, mwaka wa 1941. Anaishi mashariki ya bahari ya Pasifiki, kuanzia kina cha meta 800 mpaka karibu 2900. Kule mwangaza wa jua haufike, na maji ni baridi sawa ya ndani ya frigo.

Sasa shida ni hii: ndani ya baridi, kazi ya mwili inaenda polepole. Mama taa hazai mutoto muzima. Anaweka yai ndani ya mufuko mugumu sawa ngozi, wenye pembe ine. Mutoto anakula kiini cha yai, na akikomaa kidogo anatikisa mukia kusudi maji mapya yaingie. Ndugu yake moja wa bahari ya Bering, upande wa Alaska, anaitwa Bathyraja parmifera. Wachunguzi walifuata mayai yake ndani ya maji ya digri 4.4, wakapata kwamba yanakaa siku karibu 1290 mbele ya kupasuka. Fanyeni hesabu: miaka 3 na nusu! Mutu alikuwa anaingia graduat ya zamani, anatoka na diplome yake, yai bado halijapasuka. Na huyu wetu anaishi ndani ya maji yenye baridi zaidi.

Basi anafanya nini? Mwaka wa 2015, meli Nautilus ilishusha roboti Hercules kaskazini ya kisiwa cha Darwin, mu visiwa vya Galápagos, inchi ya Ekwado. Kwenye kina cha meta 1660 hivi, kuko minara ya mawe yenye kutoa maji meusi kama moshi. Ni kazi ya volkano. Maji ya bahari yanaingia mu nyufa za mawe, yanapata moto mukali chini kule, kiisha yanapanda na nguvu, yamebeba madini. Yakikutana na baridi, madini inaganda na kujenga munara.

Pale roboti ilikuta mayai 157 ya taa. 58 kwa mia yalikuwa ndani ya meta 20 kutoka minara, na 89 kwa mia yalikuwa mahali penye joto kupita wastani. Mayai yaliyookotwa yalipimwa ADN, ndipo mama akajulikana. Pelayo Salinas-de-León na wenzake walitoa hiyo habari mwaka wa 2018. Maelezo yao ni kwamba mama anatafuta joto kusudi mayai yapasuke upesi. Hayaweki ndani ya moto, yangeiva! Anayaweka pembeni, penye joto kidogo tu. Inchi kavu iko ndege wa kufanya vile: malau wa Niuafo'ou, kule Tonga, anazika mayai mu udongo wenye kupashwa moto na volkano.

Kwa nini itugusе sisi? Juu ile minara ni shaba, zinki, na mara ingine zahabu. Mahali pengine pa Pasifiki, chini ya bahari kuko mawe yenye kobalti. Kuko wenye wanataka kuchimba, na wanasema: kule hakuna kijiji cha kuhamisha. Sisi tunajua ile maneno. Taa anajibu kwamba kule kuko maternite. Munara ukivunjwa, mama hawezi kujenga mwingine. Na mwenye kuzaa polepole vile, ukimaliza kizazi kimoja, kurudi kwake kutachukua miaka mingi sana.

Mayai ya Galápagos yako ndani ya hifadhi ya Ekwado. Lakini minara yenye iko inje ya mipaka ya inchi zote, inaamuliwa na Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, kule Kingston, Jamaika. Na Kongo yetu ni memba. Tuko na kiti pale.

Basi, wenye mulisoma jeolojia, biolojia na sheria: siku inchi itaulizwa juu ya ile madini, wengi watafikiria bei ya kobalti yetu tu. Ni haki. Lakini awepo hata mumoja wenu mwenye kuuliza: pale munataka kuchimba, nani ameweka mayai?