Mkate wa mahindi: piga hesabu kabla ya kupanga bei

WAKULIMA wengi wa Handeni huuza mahindi mara tu baada ya mavuno, wakati kila jirani naye anauza na bei iko chini. Njia mojawapo ya kuyaongezea thamani ni kuoka mkate nyumbani na kuuza vipande kwa abiria wa Mkata, Kabuku na Segera.

Unga wa mahindi peke yake hauumuki, hivyo changanya vikombe 2 na kikombe 1 cha unga wa ngano, sukari robo kikombe, beking pauda vijiko 3 vya chai na chumvi kidogo. Tia mayai 2, maziwa vikombe 2 na mafuta robo kikombe. Mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, weka makaa machache chini na palia mengi juu ya mfuniko. Baada ya dakika 35 hivi choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, mkate umeiva.

Mahindi yawe makavu, yasiyo na ukungu. Sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, haiondoki kwa kuoka.

Wengi hukwama kwenye hesabu. Jumlisha gharama zote, mkaa ukiwemo, na mahindi ya shambani kwako yahesabu kwa bei ya soko, maana si ya bure. Gawa kwa vipande unavyouza kweli, si ulivyokata, ndipo uongeze faida.

Mkate uliolala uvunjevunje, changanya na vitunguu vya kukaanga, soseji na supu kidogo, uoke tena. Badala ya hasara, familia imepata chakula cha jioni.