Usiuziwe jina la tovuti kama hirizi

Dada yangu huoka keki za harusi mtaani Umoja, Nairobi. Majuzi kijana mmoja alitaka kumuuzia anwani ya tovuti iliyobeba maneno yote ambayo wateja huandika wakitafuta keki, na mwishoni ikiwa na mkia wa .shop. Alimwapia kwamba atatokea wa kwanza kwenye Google. Bei ilikaribia karo ya muhula mzima ya mwanawe.

Msomaji, hila hiyo iliwahi kufanya kazi. Mwenye anwani iliyofanana na maneno ya mteja alipanda juu hata kama kurasa zake zilikuwa hazina kitu. Septemba 2012, Google ilibadilisha mambo na kuzishusha tovuti duni za aina hiyo. Kuhusu maneno muhimu yanayofichwa ndani ya ukurasa, ilikuwa imetangaza tangu 2009 kwamba haiyatumii kupanga tovuti.

Na mkia je? Google husema .shop haipewi upendeleo wowote kuliko .com. Lakini .ke, inayosimamiwa na KeNIC, huiashiria kwamba tovuti inawalenga watu wa Kenya. Kwa mwoka keki asiyeweza kupeleka keki ya ngazi tatu London, hilo lina maana.

Dada alichukua .co.ke na jina fupi la biashara yake. Yale maneno ya wateja ameyaweka kwenye kichwa cha ukurasa na katika maelezo ya keki, bei na mahali anakopatikana.

Karo imelipwa. Kijana bado anapiga simu.